Nani Ameifua Bafta ya Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro kumzika Tatu, na kilichoniliza mbele za watu kilikuwa mfuko wa nailoni. Kijana mmoja wa pale nyumbani aliingia uani ameushika, akawauliza akina mama auweke wapi. Ndani mlikuwa na sanda ya mwanamke: bafta nyeupe iliyokwisha kukatwa kwa vipimo, pamba, udi, karafuu maiti, sabuni na marashi, vyote kwa pamoja. Mama mmoja alimuuliza kama amepata shida kuipata. "Shida ya nini, mama? Zimejaa tele hapo barabarani," alisema, akautua mfuko juu ya kiti cha plastiki na kurudi kwa wanaume wenzake. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wengine, kanga kichwani, ingawa ni Mkristo na wote wanalijua hilo. Nikaangua kilio ambacho mtu wa umri wangu hakitegemei tena. Walinishika mabega wakaniambia nimwachie Mungu, wakidhani namlilia Tatu tu.

Nilikozaliwa na wazazi wangu walikuwa nani, hayo hayahusiki katika sura hii. Mwaka ninaotaka kuusema ulianza likizo ya Desemba, miaka michache baada ya vita vya Kagera, tulipokuwa tumebakiza mwaka mmoja kumaliza kidato cha sita. Kijana wa leo haniamini nikisema nchi nzima ilikosa nguo. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na muuzaji aliyekaa nyuma yake akisoma gazeti la wiki iliyopita. Siku kitenge kikija, watu walipanga foleni toka alfajiri, na wengi waliondoka mikono mitupu. Shati likichakaa liligeuzwa ndani nje na kushonwa upya. Bwenini tulizishonea nguo zetu alama ya uzi pembeni ili zisiibiwe kwenye kamba, na bado ziliibiwa. Katika hali hiyo Tatu, aliyelala kitanda cha juu yangu, aliniambia, "Feli, njoo likizo kwetu Mwembesongo. Nguo hatuna, lakini ndizi zipo na milima utaiona bure." Nikaenda, nikafika Jumamosi.

Nilipewa kulala chumba cha bibi yake mzaa mama, aliyeteremshwa kutoka Kinole mlimani kwa ajili ya kifua. Kilikuwa chumba chembamba chenye kitanda cha kamba, mkeka wangu, dirisha moja lililotazama mlima, na sanduku la mbao lililobanwa kwa kulabu ya waya. Asubuhi mlima ulikuwa karibu kiasi cha kuona moshi wa nyumba za juu. Saa nne wingu lilishuka usiuone tena hadi jioni. Tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, ambao Bibi aliutukana kila mlo. "Huu si ugali, hii ni adhabu," alisema, kisha akala hadi akafuta sahani. Alipozungumza maneno yake yalivutwa mwishoni kwa lafudhi ya Kiluguru, na akichoka na Kiswahili chetu aliacha akaendelea na chake. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa mkali, hakujali nani anamsikia, na kila nilipomwamkia "Shikamoo Bibi" alinijibu "Marahaba, mtoto wa watu," kana kwamba kuwa mtoto wa watu ni cheo.

Jumapili aliniagiza nimtolee ushungi wake sandukuni. Nilifungua nikauona juu kabisa, na chini yake, ndani ya karatasi ya kaki, nikaona kona ya kitambaa cheupe kilichokunjwa. Ikanijia harufu kali ya kitu nilichodhani ni dawa ya nondo. "Hicho cha chini kiache," alisema Bibi bila kugeuka. Nilikiacha, nikafunga. Kwetu wazee walikuwa na mambo yao, na sikuyaulizia ya huyu.

Kesho yake mimi na Tatu tulikwenda kujitolea. Neno hilo lilikuwa kubwa siku zile. Mwanafunzi aliyekaa likizo nzima bila kujitolea aliulizwa alikuwa akifanya nini. Kamati ya akina mama ilikuwa inaandaa maonyesho ya mavazi katika ukumbi wa jamii kwa sherehe za Uhuru, Jumatano. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba maji, alitueleza kwamba haya si maonyesho ya kipuuzi ya kutembeza mapaja. Haya yalikuwa ya kumwonyesha Mtanzania kwamba anaweza kujivika kwa jasho lake. Tatu, kwa urefu wake, akachaguliwa kuwa mvaaji. Mimi nikapewa pasi ya mkaa, kikopo cha pini na orodha ya kuita zamu. Nguo zote zilishonwa na Fundi Ponsiano, aliyekaa na cherehani yake nyuma ya pazia, akitukana uzi uliokuwa ukikatika. Vazi la mwisho, la kufungia kazi, lingekuwa la bibi harusi wa Kitanzania: gauni jeupe, mikono mirefu, limetiwa utepe wa kitenge. Mama Mwenyekiti aliniona ninavyokimbia huku na huku, akasema mbele ya wote, "Huyu binti nitamwandikia barua mkuu wa shule yake." Toka hapo sikutembea tena, nilikimbia tu.

Jumanne asubuhi kitambaa cheupe kilichoahidiwa hakikuja. Siku hiyo hiyo Bibi alizidiwa kifua, mama yake Tatu akampeleka hospitali akalazwa, na Tatu akatumwa kumpelekea uji. Ukumbini Mama Mwenyekiti alitukusanya, jasho linamtiririka, akauliza kama darasani, "Nani anajua zilipo yadi chache za nyeupe katika mji huu? Za kuazima tu! Anyooshe mkono." Wanawake wazima walitazama chini. Mimi nikanyoosha mkono. Nimeurudia mkono ule kichwani maisha yangu yote, jinsi ulivyopanda upesi, jinsi nilivyofurahi walipogeuka kunitazama. Nilijiambia naazima, nitarudisha Bibi akiwa bado hospitali, hata hatajua.

Nyumbani alikuwepo Mwanaidi peke yake, mdogo wake Tatu, mtoto wa miaka sita, anacheza na vifuu mbele ya nyumba. Nilifungua sanduku nikatoa kitambaa chote. Kilikuwa bafta, nyingi kuliko nilivyodhani, yenye rangi ya njano kwenye mikunjo na ile harufu. Pembeni kulikuwa na vistari vitatu vya uzi mweusi, nikaona ni alama kama zetu za bwenini. Nilifikiri, siwezi kuwapelekea kitambaa chenye uvundo. Kwa hiyo nikachukua kipande cha sabuni ambacho mama yake Tatu alikificha nyuma ya mtungi, nikaifua bafta ile maji mawili, nikaisuuza kwa buluu, nikaianika juani nyuma ya nyumba. Ilitoka nyeupe, safi, haina harufu hata kidogo. Nilijisifu. Ukumbini nilimwomba Fundi Ponsiano asiikate, aikunje tu kwa pini, na yeye akasema, "Sawa, mwanangu, sawa." Baadaye kidogo nikasikia mkasi. Nilisimama na pasi mkononi, nikautazama unavyokwenda.

Jumatano ukumbi ulijaa. Tarumbeta zililia, wakubwa walikaa mbele, na wageni kutoka Mazimbu, wakimbizi wa Afrika Kusini, walikaa kando wakipiga makofi kuliko wenyeji. Nilimvisha Tatu mwenyewe, nikamfunga vifungo mgongoni. Aliniuliza, "Wamekipata wapi?" nikamjibu, "Kimepatikana," kwa sababu nilitaka kumwambia baadaye, kama jambo la kushangilia. Alitoka. Vigelegele vikalipuka. Alitembea hadi mwisho wa jukwaa kama tulivyofundishwa, akasimama, akainua mkono wa kulia kuwapungia. Upindo wa mkono wa gauni ukashuka, ukajigeuza ndani nje, na mimi nikiwa pembeni ya pazia nikamwona anatazama kifundo cha mkono wake. Mkono ulibaki juu muda mrefu mno. Watu wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakazidi kupiga makofi. Aliporudi nyuma ya pazia alikuwa bado ameushika upindo ule.

"Feli, nguo hii imetoka wapi?"

"Sandukuni kwa Bibi. Nimeazima tu, nitai—"

"Huu uzi mweusi nilimtungia mimi sindano. Macho yake yalikuwa hayaoni tundu." Akakaa chini sakafuni, gauni lote juu ya vumbi. "Umenivika sanda, Feli. Umenivika sanda ya bibi yangu."

Sikuelewa, naye akanieleza huku namfungua vifungo. Bibi aliinunua zamani, kabla nguo hazijatoweka, akaiweka ya kwake mwenyewe ili siku yake ikifika asiwe mzigo kwa mtu. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri alijifungia, akaitoa, akaitazama, akaongeza karafuu maiti, akairudisha. Wazee wengi walikuwa na yao. Nyumba nzima ilijua ila mimi, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia mgeni jambo kama hilo. Mtaani watu walikuwa wakizikwa kwa mapazia na mashuka ya kuombaomba, na Bibi alikuwa akisema, akikohoa, "Mimi wala sina wasiwasi, changu kipo." Keshokutwa ilikuwa Ijumaa. Mama Mwenyekiti alituruhusu tuondoke na gauni, akanikumbatia mbele ya watu, akasema barua ataiandika jioni ile ile.

Alhamisi tulitafuta nyeupe. Hospitalini Bibi alipumua kwa mlio, na daktari alikuwa amemwambia mama yake Tatu maneno ambayo hakutaka kuyarudia. Kila saa tuliyoipoteza tuliwaza tutamkuta amekwisha kufa na sanduku tupu. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa. Mtu akatuambia Dumila watu wa magendo wana kila kitu, tukadandia lori la mahindi, tukasimama juu ya magunia njia nzima. Dumila palikuwa na vitunguu, nyanya, maharage, kuku waliofungwa miguu, watu wanagombania abiria na mizigo. Tulizunguka kibanda kwa kibanda tukiuliza kwa sauti ya chini. Mama mmoja muuza vitunguu alitutazama kwa huruma.

"Nyeupe? Poleni, wanangu. Nani amekufa?"

"Bado," alisema Tatu.

Yule mama akajishika mdomo. Hakuwa nayo, wala hakumjua aliye nayo. Wiki ile ile alikuwa amemzika mkwewe kwa shuka lenye maua. Tulirudi na kifungu cha vitunguu alichotupatia bure. Tatu alivikumbatia njia yote na machozi yakimshuka bila sauti.

Ijumaa asubuhi mvua ilinyesha. Tulikaa chumbani kwa Bibi, tukalifumua gauni kwa wembe, uzi kwa uzi, tukaogopa kuongeza hata tundu moja. Tukaviunganisha vipande kwa mishono midogo kadiri ya uwezo wetu, tukakunja upande mzima uwe juu na alama ya uzi mweusi ionekane pembeni, tukairudisha ndani ya karatasi ya kaki. Saa tano Bibi akaletwa kutoka hospitali, amekonda ndani ya siku tatu, anataka chai. Baada ya adhuhuri alitutoa nje. Tulisimama ukumbini mwa nyumba, Tatu, mama yake na mimi, tukasikia kulabu ya waya, kisha karatasi. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa ameibandika bafta usoni, anainusa.

"Nani ameifua?"

Hakuuliza nani ameikata. Nilifumbua mdomo. Tatu alinibana kidole kwa nguvu hadi nikaumia, akasema, "Mimi, Bibi. Niliichukua nikavae kwenye maonyesho." Mama yake akamchapa kofi mbele yangu, na la pili. Nami nikanyamaza. Baadaye jikoni Tatu aliniambia, "Wewe ni mgeni. Kwetu mgeni haaibishwi. Bibi atanifokea siku mbili yataisha." Naandika sasa jambo ambalo sijawahi kulisema kwa padri wala kwa mume wangu: nilishukuru. Niliiwazia barua ya Mama Mwenyekiti ikisomwa shuleni, nikashukuru.

Bibi hakumfokea. Hakusema naye kabisa. Tatu akiwa amesimama mbele yake na kikombe mkononi, Bibi alimwita Mwanaidi kutoka uani: "Mwambie dada yako aweke hapo." Mwanaidi aligeuka akamwambia, "Dada, Bibi anasema weka hapo," na Tatu akaweka. Chakula alipika Tatu, mgongo alimkanda Tatu, chombo cha makohozi alikimwaga Tatu, bila kupata hata neno moja. Mimi, kinyume chake, nilibebwa. Ndizi za mkungu ulioletwa kutoka Kinole, zile zilizoiva vizuri, nilipewa mimi. Siku tulipopata mchele aliniwekea ukoko, kwa kuwa aliambiwa naupenda, na nilikula huku Tatu ananitazama. Siku moja, mchana, tulibaki wawili chumbani, nikasogea karibu nimwambie. Alinishika mkono kabla sijaanza.

"Mtoto wa watu," alisema, "mimi kukatwa si neno. Hata wao wakinivika wataikata. Lakini kaka yangu alikwenda Hija kwa meli, miezi na miezi, tukajua amekufa. Akarudi na chupa moja ya Zamzam. Wenzangu wakanywa. Mimi nikaichovya bafta yangu, nikaianika kivulini, nikasema nitakwenda nayo. Yule ameyatoa yale maji kwa sabuni." Akakohoa kwa muda mrefu. "Mtoto niliyemlea mwenyewe. Wewe, ambaye si wa kwetu, usingenifanyia hivyo."

Ndipo nilipojua nilichokifanya. Tulikuwa tumehangaika na mkasi, na mkasi haukuwa kitu. Nilimtazama yule bibi na pumzi yake ya kuhesabu, nikajua nikisema atauachia mkono wangu. Nilimwambia, "Pole, Bibi." Ndiyo yote niliyosema.

Alikufa wiki ya pili ya Januari, asubuhi, siku tatu kabla ya sisi kurudi shule. Siku ya mwisho Tatu alipiga magoti akamshika miguu akamwomba radhi kwa kosa langu, na Bibi akageuza uso ukutani. Wanawake walioosha maiti waliifumua mishono yetu bila kuuliza, wakapanga vipande, vikatosha. Tatu hakuruhusiwa kuingia.

Mwaka uliofuata tulilala tena kitanda cha juu na cha chini. Siku ya kwanza gwaride la asubuhi lilisomewa barua: mwanafunzi Felista amejitolea kwa moyo, ameokoa maonyesho, aigwe na wengine. Nilitoka mbele nikapigiwa makofi. Tatu alipiga pia. Mwaka ule aliacha kucheka kwa sauti, akaacha kuimba bafuni, na nikianza kuligusa jambo lile alisema, "Feli, tafadhali," akageukia ukuta. Nilifaulu vizuri. Nilipata kazi, nikafundisha watoto wa watu wasimame waseme ukweli. Nilikwenda harusi ya Tatu. Aligoma kuvaa nyeupe, akaolewa kwa kitenge cha bluu, na mama yake akanong'ona kwamba binti huyu toka zamani ana makusudi. Kila tulipokutana nilijiambia safari ijayo nitawaambia kwao. Mama yake akafa. Safari ijayo ikawa mwezi uliopita.

Wanaume walipolitoa jeneza, sisi wanawake tulibaki uani tukichambua mchele. Mwanaidi, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu wanne, alikuwa akiwachangamsha wasichana, kama inavyotokea msibani watu wakichoka kulia. "Dada yangu msimwone hivi," alisema. "Alipenda uzuri huyo! Alifua sanda ya bibi yetu akaenda kuringia jukwaani. Bibi akafa hasemi naye, na mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka maneno." Wasichana walishika midomo, wengine wakacheka. Nilinyoosha mkono. Bega langu ni bovu, lilipanda polepole, na wote wakageuka kumtazama mama mzee aliyeinua mkono kama mwanafunzi.

"Hakuwa Tatu," nilisema. "Nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyeitoa, mimi ndiye niliyeifua. Alinifichia."

Mwanaidi aliweka ungo chini. Alinitazama, nikaona anarudi nyuma mwaka kwa mwaka, kikombe kwa kikombe. Mkono wangu ulikuwa bado uko juu, sikujua niushushe lini. Kisha akageuka kulitazama lango la ua, walilopitia wanaume wakaliacha wazi.

"Dada Felista," alisema, "wameshaondoka naye."